Dada Yetu Kifutio na Karatasi ya Mteremkoni

Ndugu zetu mliofika kwa kupanda na ndugu zetu mliofika kwa kushuka, poleni na safari, na poleni na msiba. Anayesoma mbele yenu ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Kazi hii niliangushiwa kwa sababu kila aliyeombwa alisema hataimaliza bila kulia. Mimi nilishindwa kupata kisingizio haraka. Basi nivumilieni nikinyamaza katikati, ni uchovu tu, na kidogo ni hayo mengine.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Novemba 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho kabla ya tangi la maji. Baba yetu alikuwa karani wa stesheni na mama alikuwa mkunga. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Wawili waliomfuata walitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita, kwa hiyo kwa muda mrefu tulikuwa sisi wawili, yeye akiamuru na mimi nikinung'unika.

Akiwa na umri wa miaka saba au minane alikuwa tayari anamchorea mama njia kwa mkaa kwenye sakafu ya baraza, ili mama ajue aingilie wapi kwenda kwa mjamzito fulani. Safari moja alimchorea kona ya kukunja, na alama ya kona hiyo ikawa mbwa mweupe aliyekuwa akilala pale kila siku. Mama akaenda. Mbwa siku hiyo alikuwa ameamua kutembea. Mama alizunguka mtaa mzima akimuulizia mbwa, na alipofika kwa mgonjwa akakuta mtoto ameshazaliwa na ameshaoshwa. Aliporudi nyumbani alisimama mlangoni bila hata kutua mkoba wake, akamwambia dada, "Mwanangu, ukinichorea tena kitu chenye miguu, utakwenda kuzalisha wewe." Dada alilisimulia hilo hadi uzeeni, akicheka peke yake kabla hajafika mwisho.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha shule ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1974. Huko alifaulu jiografia na hesabu, akafeli ushonaji na upishi, na ripoti zake zote ziliandikwa kwamba ni msichana mwenye bidii lakini mbishi. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha upimaji ardhi. Walikuwa wasichana wawili darasa zima, na mwenzake aliolewa kabla ya mwaka wa pili. Alihitimu Desemba 1977 akiwa mchoraji ramani.

Januari 1978 aliajiriwa katika idara ya ardhi, chumba cha wachoraji, ghorofa ya pili. Nilifika pale mara nyingi nikiwa mwanafunzi. Kulikuwa na meza zilizoinamishwa, taa zenye shingo ndefu, na chupa za wino ambazo hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu nazo akiwa na mafua. Humo ndimo alimopewa jina la Kifutio. Wenzake walilalamika kwamba mstari ambao yeye hakuuthibitisha hauponi, ataufuta hata kama umechorwa na mkubwa wake, na hata kama mkubwa mwenyewe amesimama pale akimtazama. Jina lilikuwa la kumkejeli. Yeye alilichukua akalivaa, na baada ya muda hata barua za kikazi zilikuwa zikimfikia kwa jina hilo.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1981, na shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, aliyekuwa dereva wa lori la idara. Walikutana kwa ugomvi. Shemeji alirudi safari moja akiwa amejaa matope mpaka kifuani, akapanda ngazi hadi kwa wachoraji, akauliza kwa sauti, "Nani kachora hii barabara? Imeniingiza shambani kwa watu!" Dada bila kuinua kichwa akamjibu, "Barabara ipo. Wewe ulikunja mapema." Wakatumwa wote wawili wakaangalie. Huko walikoenda nani alikuwa sahihi, hadi leo kuna masimulizi mawili, na watoto wao wamegawana. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike ambaye ni mwalimu na wa kiume ambaye ni fundi wa magari.

Sasa nifike kwenye lile lililomchukua dada yetu kwetu, yaani onyesho la ramani. Nasema lililomchukua kwa sababu ndivyo tulivyoliona nyumbani. Idara ilikuwa na desturi ya kupeleka ramani kwa wananchi wazikague, nazo zilikuwa zikirudi zimejaa maandishi ya watu, hapa si kweli, huu mto ulihama, hiki kisima kina wenyewe. Zikifika zilikuwa zikifungiwa kabatini. Dada alianza kuwafuata walioandika. Akakuta watu wa ziwani wamechora miamba ya chini ya maji kwenye ukuta wa ghala lao la samaki, na kila mwaka wanairekebisha. Akakuta watu wa mlimani wameufinyanga mlima wao mzima kwa udongo na pumba za mbao, na chemchemi zote zimetobolewa kwa msumari. Kila mmoja alidhani yuko peke yake duniani mwenye wazimu huo. Dada akaona hawa lazima waonane.

Onyesho la kwanza lilifunguliwa Julai 1995 katika ghala la nafaka la chama cha ushirika, likiwa na jamii tatu. Kuanzia hapo halikusimama. Lilisafiri kwa lori, ndani ya makasha ya mbao, kutoka ukumbi wa shule hadi baraza la mahakama, kutoka karakana hadi bwalo la wafanyakazi, na kila lilipotua wenyeji waliongeza ramani yao ukutani. Zilifika jamii saba. Ramani zilitundikwa kwa kufuata jinsi nchi ilivyolala, majirani wamegusana kingo, ili ukitembea kando ya ukuta uwe kama umetembea nchini.

Msidhani walipatana tangu siku ya kwanza. Vijana wa mjini walipoleta ramani yao ya mitaro, walipaka maji machafu rangi ya buluu, maana ndiyo rangi waliyokuwa nayo kwa wingi. Mzee wetu wa mlimani, ambaye kwao buluu ni chemchemi na si kitu kingine, alisimama mbele ya ile karatasi kwa heshima kubwa, akatikisa kichwa, akasema, "Hawa watoto wamebarikiwa. Chemchemi kila nyumba!" Vijana walikosa pa kuweka nyuso. Marehemu hakumlazimisha yeyote abadili rangi yake. Alisema kila jamii ibaki na alama zake lakini iziandike chini ya ramani, na kabla ya kumcheka jirani usome kwanza.

Alikuwa na kanuni mbili nyingine, na hizi naomba mzisikilize, kwa sababu ndizo zilizomla. Ya kwanza, usichore kwa jirani. Chora kwako, ukifika mwisho wa kwako weka kalamu chini. Ya pili, karatasi haipandi ukutani mpaka majirani zake washuhudie ukingo. Jirani anachora kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kipande cha karatasi, ule mpaka anavyoujua, anaweka sahihi pembeni, kisha kipande kinalazwa sambamba na karatasi ya mwenye eneo. Vikiingiana, inapanda. Visipoingiana, watu wanakaa, wanaongea. Kwa kanuni hizo mbili onyesho lilitembea miaka karibu ishirini bila kesi wala ngumi, na si kwamba ngumi hazikutafutwa.

Watu wa bondeni waliingia mwaka 2013. Ramani yao ilikuwa safi, na ilipotundikwa chini ya ile ya mlimani ilibaki nafasi kati yao, upana wa mkono hivi, ukuta ukionekana. Tulidhani ni pori. Mlimani walichora hadi mteremko unapoanzia, wakaweka kalamu chini kwa adabu. Bondeni nao walichora hadi mteremko unapoishia, wakaweka kalamu chini kwa adabu vilevile. Kulikuwa na ugomvi wa zamani kati yao juu ya mteremko ule, wa malisho na kuni, na hakuna aliyetaka aonekane anaunyemelea. Adabu ya pande mbili ikaufuta mteremko mzima pamoja na watu wake.

Agosti 2014, onyesho likiwa bwaloni bondeni, aliingia mama mmoja mshonaji, amebeba kitambaa cha mteja kwapani. Alianza upande wa ziwa, akatembea taratibu, akafika mlimani, akashuka kwa macho hadi bondeni. Akarudia. Mara ya tatu akamgeukia dada, aliyekuwa akifunga kamba pembeni.

"Samahani, dada. Mteremkoni ni wapi hapa?"

Marehemu akamwonyesha ile nafasi.

Mama mshonaji akaitazama. Akasema, "Kwa hiyo sisi tunaishi ukutani?"

Hakusema kwa ukali. Dada aliniambia ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. Alivuta kiti wakakaa wote wawili pale chini ya nafasi ile, na mama akamweleza. Bomba jipya la maji limetoka chemchemi za mlimani linakwenda bondeni, na linapita uani kwake. Akiwa anashona analisikia likivuma. Bomba la watu wa mteremkoni hakuna hata moja, na walipokwenda idara ya maji kuuliza, afisa aliwaambia kwa upole kwamba idara inatumia ramani za onyesho, kwa kuwa ndizo zilizokubaliwa na majirani wote, na kwenye ramani hizo mteremkoni hapana mtu.

Tangu siku ile dada yetu hakuwa na jambo jingine. Alikuwa amestaafu idarani tangu mwaka 2011, na sisi tulidhani sasa atakaa. Hakukaa. Watu wa mteremkoni walichora karatasi yao mwaka uliofuata, nyumba zao zote, shule, kijito, kisima kilichokauka, njia zote za miguu. Mama mshonaji ndiye aliyewasimamia, na waliichora vizuri kupita wengine waliotangulia. Ilibaki majirani washuhudie kingo, mlimani ukingo wa juu, bondeni ukingo wa chini. Jambo la asubuhi moja.

Lilichukua maisha yake yote yaliyobaki. Mzee wa mlimani alisema atashuhudia kwa furaha, bondeni wakishatangulia. Mwenyekiti wa bondeni alisema wao hawana neno kabisa, mlimani watangulie tu. Kila mmoja alihofu kwamba atakayechora ukingo kwanza ataambiwa ameanza kudai ardhi, au, na hili lilikuwa baya zaidi, ataambiwa ameikubali. Mwaka 2016 dada aliwakutanisha sebuleni kwangu, kwa sababu kwake kulikuwa kumejaa makasha. Nilipika chai mimi. Walikunywa, wakasifiana ramani, wakaulizana habari za wajukuu.

"Sisi hatuwezi kuchora kwa watu," akasema mzee wa mlimani.

"Wala sisi," akasema mwenyekiti. "Si ustaarabu."

"Basi mmekubaliana," akasema dada.

"Kwenye lipi?"

"Kwamba mteremkoni si kwako wala si kwake. Kuna wenyewe. Nimalizieni, wekeni sahihi."

Walitazama vikombe vyao. Kisha mwenyekiti akasema jambo hilo ni zito, wanahitaji kulitafakari. Walilitafakari kwa miaka saba. Wazee wangu, mko hapa na mnanisikia, nami nawaheshimu, lakini nimesema nitasoma maisha yake yalivyokuwa.

Mama mshonaji alimwendea mara nyingi. Siku moja alimwambia, "Bibi Kifutio, kanuni ni yako. Si uivunje tu? Itundike." Marehemu alikataa. Alisema akiivunja kwa ajili ya wenye haki, kesho ataombwa aivunje kwa ajili ya mwenye nguvu, na karatasi ikipanda bila majirani haitakuwa na uzito hata idara ya maji wakiiona. Nilimwambia kwamba anakosea, kwamba watu wanataka maji na yeye anawapa kanuni. Tuligombana hadi tukanuniana wiki nzima. Bado nadhani alikosea kidogo. Lakini mama mshonaji, aliyekuwa na kila sababu ya kumchukia, alizidi kuja, na mwisho wakawa mashoga wakubwa, akamshonea na yale magauni yote aliyovaa hospitalini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alitibiwa katika hospitali ya mkoa, akifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Shemeji alimpeleka na kumrudisha kila mara, yeye na mto wake na thermosi yake. Alichoka. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu misibani tunapenda kusema marehemu alipambana hadi mwisho akitabasamu. Hakutabasamu. Alikuwa na hasira na mwili wake, alikuwa na hasira na chakula bila chumvi, na alilia mbele yangu akisema amezeeka kwa ajili ya mkono mmoja wa ukuta. Simu ilikuwa mezani kando yake, na kila ilipolia aliitazama kwanza kama ni mlimani au bondeni. Kwa kawaida alikuwa mtu wa bima.

Aprili mwaka huu alituita mimi na shemeji, akatuambia anataka kuzikwa mteremkoni. Mama mshonaji na wenzake walikuwa wameshakubali kumpa mahali, juu kidogo ya shule. Mimi nilipinga. Tuna makaburi ya familia kule relini, wazazi wako pale, na ndugu zetu wawili.

"Dada, kule huna mtu," nikamwambia.

"Ninao."

"Na watu watafikaje? Hapapo hata kwenye ramani!"

Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha akafuta macho, akasema, "Watauliza njia."

Nilimgeukia shemeji anisaidie. Shemeji akasema, "Mimi nimemshusha anapotaka tangu nimemwoa. Sitaanza kubishana naye leo." Likawa limekwisha hivyo.

Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, asubuhi, wakati wa matibabu, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Madaktari walisema moyo ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Simu yake ililia baadaye, tukiwa bado tumesimama pale, na ilikuwa watu wa bima.

Nilirudi nyumbani nikiwa sina hata nguvu ya kuvua viatu, na simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa mzee wa mlimani. Alilia kwa sauti, mzee mzima, kisha akauliza mazishi ni wapi. Nikamwambia mteremkoni, juu kidogo ya shule. Nikamwambia, "Baba, wageni watatoka kila mahali na mimi sipajui. Nisaidie, nichoree njia ya kutoka huko kwenu mpaka kaburini, niiweke kwenye kitabu cha mazishi." Sikuwa na hila yoyote. Nilikuwa nimechoka na nilitaka mtu mwingine afanye kitu. Msibani hakuna anayekataa kutumwa, akasema, "Nitakuchorea, mwanangu." Mwenyekiti wa bondeni alipopiga, nilimwomba vivyo hivyo kwa watakaotokea chini, naye akasema hilo tu, mama, na lingine lipi.

Michoro yao ilinifikia Jumatano jioni kwa simu. Sikuitazama. Niliipeleka kwa mpiga chapa, nikamwambia aibane yote miwili kwenye ukurasa wa nyuma kwa kuwa kurasa zimejaa. Akawa anaisogezasogeza kwenye kioo cha kompyuta, huu juu, huu chini. Kisha akaniita.

"Mama, njoo. Huu ni mchoro mmoja au miwili?"

"Miwili. Watu tofauti."

"Mbona inaingiana?"

Nikainama kutazama. Njia ya mlimani ilikuwa inashuka, inapita kijito kwenye jiwe la kuvukia, inapita nyuma ya nyumba ya mama mshonaji, na nyumba ilikuwa na milango yake miwili, mmoja ukitazama kijito. Njia ya bondeni ilikuwa inapanda, inapita kisima kilichokauka, inapita shuleni, na hata choo cha walimu kilikuwepo. Zote mbili ziliishia kwenye msalaba mmoja mdogo, yaani hapa. Hapakuwa na nyumba iliyosahauliwa. Miaka yote ile walikuwa wanapajua hadi mlango unafungukia wapi. Nililia pale dukani kwa mtu, na sehemu kubwa ilikuwa hasira.

Kisha mpiga chapa akaniuliza haya maandishi ya pembeni ayatoe au ayaache. Nikavaa miwani. Wazee wangu, mmetembea na onyesho hili muda mrefu mno. Mmechora na mikono yenu ikafanya iliyozoea. Mlimani, pale unapoanzia mteremko, kuna mpaka, na kando ya mpaka kuna sahihi. Bondeni, pale unapoishia, kuna mpaka, na kando ya mpaka kuna sahihi. Hakuna aliyetangulia. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake anachora.

Nilimwambia asitoe kitu. Alhamisi nilikwenda mteremkoni mwenyewe, na mama mshonaji akaifungua karatasi yao mezani, tukaweka vipande viwili vilivyochapwa sambamba nayo, juu na chini. Vinaingiana. Kwa kanuni ya marehemu, ambayo hakuivunja hata alipoombwa na rafiki yake, karatasi ya mteremkoni imeshuhudiwa. Vitabu hivi vimechapwa mia tatu na kila mmoja wenu anacho mkononi. Afisa wa idara ya maji yuko safu ya pili, ndugu yetu mwenye shati la kijani, naye amepewa viwili.

Sijui kama dada alilipanga hili pale kitandani. Namjua, kwa hiyo nadhani alilipanga. Nimemkasirikia kwamba alilazimika kufa ili watu wazima wawili wachore njia. Nimewakasirikia na ninyi. Lakini mmekuja, mmebeba jeneza pamoja kutoka barabarani, mmoja mbele na mmoja nyuma, na mimi nimechoka kukasirika. Tukimaliza hapa, makasha yanapakiwa. Karatasi ya mteremkoni itakuwa ndani ya kasha la kwanza, na nitawaomba ninyi wawili mlipandishe kwenye lori.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake. Ameacha mama mshonaji, ambaye kwetu sasa ni ndugu. Ameacha jamii nane za wachoraji ramani. Hadi Jumatano zilikuwa saba.

Mungu ampokee, amechoka. Pumzika, dada. Hapa ulipolala panajulikana.